Kaa wa Pwani Katika Baridi ya Kyimo

Mwenyeji wa Kyimo aliyeshuka pwani akarudi na wale kaa wadogo waendao nchi kavu na magamba ya konokono mgongoni, hana budi kutambua kwamba baridi ya Rungwe, iliyo afya kwa chai, kwa viumbe hao yaweza kuwa mauti. Kwa rai yangu, heri wangeachwa ufuoni. Lakini wakiisha kuletwa, maskani yao yastahiki kuwa sanduku la kioo lenye kifuniko, joto lisilopungua digrii 24 na unyevu wa asilimia 75 hivi, maana kaa huyu huvuta hewa kwa matamvua, nayo yakikauka hufa polepole pasipo sauti, na mwenyewe akadhani amelala.

Kubwa zaidi ni mchanga. Uwe umelowa kiasi cha kufinyangika mkononi, na kina chake kisipungue sentimita 15, kwani humo hujifukia majuma kadhaa ili ajivue ganda kuukuu, na kumfukua wakati huo, hata kwa huruma, ni kumdhulumu. Awekewe maji ya chumvi ya bahari na maji matamu, kila moja bakuli lake, pamoja na magamba matupu makubwa kuliko alilonalo: utamwona akiligeuza moja, akilipima mdomo kwa gando, kisha kwa lamha akichomoa tumbo lake laini lililopinda na kulitia humo.

Watoto wasitarajiwe, kwa kuwa mayai huanguliwa baharini.