Kwa nini steringi akifa tunaumia kama tumefiwa

Mama mmoja wa Igogwe alipiga simu kipindini juzi. Hakutaka kutuma salamu wala kuomba wimbo. Alikuwa na swali: "Jamani, Scofield walimuua kwa nini?"

Alikuwa akiangalia Prison Break kwenye simu ya mwanawe, usiku baada ya kazi za shamba, hadi akamaliza sizoni ya nne. Alipoona kaburi la Scofield alizima simu. Kesho yake, anasema, jembe lilikuwa zito. Studio watu walicheka kidogo, lakini swali lake ni zuri na lina majibu. (Kama wewe hujafika huko, msikilizaji, acha kusoma hapa umalizie kwanza.)

Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tuna sheria moja: steringi hafi. Atapigwa, atafungwa, atasukumwa mtoni, lakini dakika za mwisho atainuka. Kwa sheria hiyo tunaangalia hatari zote huku tukitafuna karanga. Hadithi ikiivunja, inatukuta hatujajiandaa.

Mara nyingine sababu iko ndani ya hadithi yenyewe: mwandishi alipanga tangu mwanzo. Mara nyingine sababu iko nje kabisa, kwenye mikataba na malipo. Mfano uko humo humo kwenye Prison Break. Katika sizoni ya tatu, mwaka 2007, Lincoln anaonyeshwa kichwa ndani ya boksi, anaamini ni cha daktari Sara, mpenzi wa mdogo wake. Watazamaji walikasirika mno. Ukweli ni kwamba mwigizaji wake, Sarah Wayne Callies, alikuwa mjamzito, na yeye na watayarishaji hawakuelewana kuhusu kurudi kazini. Wakaandika kifo. Mwaka uliofuata walielewana, na sizoni ya nne ikaanza na maelezo kwamba kichwa kile kilikuwa cha mwanamke mwingine. Lincoln alikosea, basi! Wamarekani walishazoea mambo hayo. Katika tamthilia ya Dallas, Bobby alikufa mwaka 1985, na mwaka 1986 aliyekuwa mkewe akaamka na kumkuta anaoga bafuni. Sizoni nzima ikawa ndoto.

Kwa hiyo ukiona hadithi imepinda bila mantiki, huenda hukukosa kuelewa. Huenda mtu hakusaini karatasi.

Lakini maumivu je? Mwaka 1956 wataalamu wawili wa Marekani, Donald Horton na Richard Wohl, waliandika kwamba mtazamaji hujenga ujirani na mtu wa kwenye televisheni. Anamwona kila siku, anajua tabia zake, anajua anavyocheka, ila yule mwingine hamjui kabisa. Ni ujirani wa upande mmoja. Mama wa Igogwe alikaa na Scofield usiku mwingi kuliko anavyokaa na ndugu zake walioko Mbeya. Akiondoka ghafla, moyo hauulizi kama alikuwa wa kweli.

Nguvu hiyo imewahi kutumiwa hapa kwetu, tena redioni. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo wa Twende na Wakati. Wazee wetu wanamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori, mlevi, mwenye wanawake kila kituo. Wapo waliomfurahia, maana alikuwa na maneno matamu. Kisha Mkwaju akapata virusi vya UKIMWI, na mkewe Tunu akaanza biashara yake mwenyewe. Watunzi walipanga hivyo kwa makusudi, wakifuata mbinu ya Miguel Sabido wa Mexico: umzoee mhusika mbaya, ucheke naye, kisha uone anapofikia. Ili wapime kama unabadilisha watu, mchezo huo haukurushwa Dodoma hadi mwaka 1995, ili wasikilizaji wa kwingine walinganishwe na wa huko. Watafiti waliona kwamba matumizi ya uzazi wa mpango yalipanda zaidi kule mchezo uliposikika.

Hapo ndipo ninapotofautisha, na haya ni maoni yangu. Kifo cha Mkwaju wa hadithi kilitoka kwenye maisha ya Mkwaju, hatua kwa hatua, na mtu angeweza kukiona kinakuja. Kichwa kwenye boksi kilitoka ofisini. Vyote viwili vinaliza, ila cha kwanza unakibeba hadi nyumbani kwako.

Mama tulimpigia tena. Tukamweleza kwamba mwaka 2017 Scofield alirudi, vipande tisa, na kaburi lile lina maelezo yake. Alinyamaza kidogo.

"Kwa hiyo nililia bure?"

Kisha akauliza nani Tukuyu anaweza kumwekea kwenye memori kadi, na kama aliyetafsiri ni DJ yule yule.