Klorofomu Isiyopiga Kelele

Mwanafunzi anayeanza kutumia mashine ya NMR hushangaa bei: kwa nini kichupa cha klorofomu inayotumika humo kiwe ghali kuliko chupa kubwa ya klorofomu ya kawaida? Tofauti iko kwenye haidrojeni.

Mashine huweka sampuli ndani ya sumaku kali, ikasikiliza viini vya atomi. Haidrojeni hujibu kwa masafa yanayotegemea majirani zake, na mkemia husoma humo umbo la molekuli. Ila sampuli sharti iyeyushwe. Chukua miligramu 10 za dawa yenye uzito wa molekuli 300, uyeyushe katika mililita 0.6 za klorofomu: kila molekuli ya dawa imezingirwa na zaidi ya 200 za klorofomu, nazo zina haidrojeni. Utamsikiaje anayenong'ona mnadani, samaki wakinadiwa?

Ndipo inapokuja deuteri, haidrojeni yenye nyutroni moja kiinini, iliyogunduliwa na Mmarekani Harold Urey mwaka 1931: ndiyo inayowekwa mahali pa haidrojeni ya kawaida katika klorofomu ya NMR. Katika maji ya kawaida ni takriban atomi 1 kati ya haidrojeni 6,400. Kuitenga ndiko kunakopandisha bei. Sumaku inayoifanya haidrojeni ijibu kwenye megahezi 400 huifanya deuteri ijibu kwenye 61 hivi, mbali na tunakosikiliza. Na jibu hilo halipotei bure. Nguvu ya sumaku huyumba kidogo kidogo, basi mashine huishikilia deuteri kama nanga na kujirekebisha kipimo kikiendelea. Kwangu mimi, kazi hii ya pili ina uzuri zaidi kuliko ile ya kwanza.

Ukimya wenyewe haukamiliki. Molekuli chache za klorofomu zenye haidrojeni ya kawaida hubaki na kuonyesha kilele kwenye 7.26 ppm katika grafu ya matokeo, nasi tunakitumia kama alama ya rula. Cha kuogopa ni unyevu wa hewani: maji huonekana kwenye 1.56 katika klorofomu, lakini karibu na 3.33 katika kiyeyushi kingine, DMSO. Nimeona vilele hivyo vikihesabiwa kuwa sehemu ya molekuli mpya, na wiki nzima ya kazi ikapotea. Funga kichupa mara tu unapomaliza kuchota.

Ukishuku kuwa kilele fulani ni cha haidrojeni iliyoshikana na oksijeni, kama ya alkoholi, dondoshea tone la maji ya deuteri, utikise, upime tena. Atomi hubadilishana nafasi, na kilele kile hutoweka.