Moyo Unaposimama, Homoni Hazitoshi

Moyo ukisimama ghafla, mtu hupoteza fahamu kwa sekunde chache tu, maana damu haifiki tena kwenye ubongo. Hapo tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo hutakiwa kumwaga homoni za dhiki kwa wingi: adrenalini na kotisoli. Kotisoli huisaidia mishipa ya damu kuitikia adrenalini. Ikipungua, mishipa hulegea na shinikizo la damu huporomoka.

Mtu angetegemea kukuta kotisoli tele kwa mgonjwa ambaye moyo wake umerudi kupiga. Lakini tafiti kadhaa zilikuta baadhi ya wagonjwa wana kiasi kidogo, kisicholingana na janga lililowapata, na waliofariki mapema kwa kuporomoka kwa shinikizo walikuwa nayo kidogo zaidi. Tezi zenyewe nazo zilikuwa zimekosa damu.

Basi kwa nini wasiongezewe? Madaktari wa Ugiriki, wakiongozwa na Spyros Mentzelopoulos, walijaribu kwa wagonjwa 268 walioanguka kwa moyo kusimama wakiwa hospitalini. Mwaka 2013 walitangaza kwamba kati ya waliopewa adrenalini pamoja na vasopresini, homoni inayobana mishipa ya damu, na dawa za jamii ya kotisoli, asilimia 13.9 walitoka hospitali wakiwa na akili timamu. Waliopewa adrenalini peke yake walikuwa asilimia 5.1. Matumaini yalikuwa makubwa, na kwa haki.

Denmark ikarudia jaribio kwa wagonjwa 501, matokeo yakatoka 2021. Mioyo mingi zaidi ilirudi kupiga, asilimia 42 dhidi ya 33. Baada ya siku 30, hata hivyo, faida haikuonekana tena: waliokuwa hai ni asilimia 9.7 kwa waliopewa dawa hizo, na 12 kwa wasiopewa.

Adrenalini nayo ilipimwa Uingereza kwa watu zaidi ya 8,000 walioanguka nje ya hospitali. Iliongeza kidogo idadi ya walionusurika, asilimia 3.2 dhidi ya 2.4, lakini miongoni mwa walionusurika, karibu theluthi moja ya waliopewa walibaki na ulemavu mkubwa wa ubongo. Kwa wasiopewa ilikuwa chini ya moja ya tano. Takwimu hiyo inaniumiza kuliko zote. Sindano huweza kuuamsha moyo wakati ubongo umeshaharibika.

Denmark hiyohiyo ilipata mafanikio mahali pengine. Iliamuru watoto wafundishwe shuleni kukandamiza kifua, kisha wanaoomba leseni ya udereva nao wakafundishwa. Kati ya 2001 na 2010, walioanguka na kusaidiwa na raia wa kawaida kabla gari la wagonjwa halijafika walipanda kutoka asilimia 21 hadi 45. Waliokuwa hai baada ya siku 30, kutoka 3.5 hadi 10.8.

Wizara zetu za elimu zinaweza kuanza na hilo, na wewe msomaji usizisubiri. Mtu mzima akianguka, hazinduki na hapumui sawasawa, piga kelele za msaada, weka viganja katikati ya kifua, kandamiza sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, wala usiache mpaka wahudumu wafike.