Kindu: Ripoti ya afya inaweza kukubaliwa na mashine na bado ikawa na kosa

Katika zoni ya afya ya Alunguli, ngambo ya kuume ya mto Kongo katika muji wa Kindu, hesabu ya wagonjwa inaanza kwenye rejista ya karatasi. Kila mwezi vituo vya afya vinatoa ripoti ya SNIS, kisha hesabu zinaingizwa katika DHIS2, programu iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, inchini Norwe. Viongozi wa afya wa jimbo la Maniema na wa Kinshasa wanazisomea humo. Tarakimu moja ikikosewa, mpango wa dawa unaweza kupotoka.

Ili kompyuta moja ipokee habari za ingine, DHIS2 inaweza kutumia XML, maandishi ambamo kila habari inawekwa kati ya alama mbili zinazotaja jina lake. Shirika la W3C liliipitisha XML mwaka 1998. Mwaka 2001 likapitisha XML Schema, lugha ya kuandika skema, yaani kanuni ambazo faili inapaswa kufuata: jina la kituo lisikosekane, tarehe iwe na umbo lake, hesabu iwe namba. Mtu akiandika "kumi na mbili" kwa herufi pahali pa 12, au akitaja mwezi wa 13, ukaguzi unaikataa faili.

Lakini umbo zuri si ukweli. Tuseme kituo kimetangaza watu 80 waliopimwa malaria, na 95 waliokutwa nayo. Kila namba peke yake ni sawa. Zikiwekwa pamoja, haiwezekani. Kwa hiyo DHIS2 ina kanuni zingine za kulinganisha hesabu: wenye ugonjwa wasipite waliopimwa. Kanuni ikivunjwa, programu inatoa onyo, na mtu anapaswa kurudi kwenye rejista.

Kuna kosa linalopita milango yote miwili. Waliopimwa wakiwa 120 na wagonjwa 95, muandikaji akageuza tarakimu na kuweka 59, hakuna kanuni iliyovunjwa. Wagonjwa 36 wamepotea, na hakuna onyo.

Kosa la namna hiyo linaonekana tu pale muuguzi na wasimamizi wa zoni wanapofungua rejista na kuilinganisha na ripoti, mustari kwa mustari. Kazi hiyo mashine haiwezi kuifanya, kwa sababu haikumuona mgonjwa.