Mbolea ya Nyungunyungu (2): Iwekwe Wapi?

Wiki iliyopita tuliishia kwenye kreti lililo kivulini. Sasa mboji imeiva: nyeusi, punjepunje kama majani ya chai yaliyochujwa, na hainuki samadi tena. Imebaki kujua itiwe wapi.

Nianze na pasipofaa. Tangu Serikali ihamie Dodoma, nyumba zenye ukoka uani zimeongezeka hadi Msalato, na wenye nyumba hutaka kumwaga mboji hii juu ya majani yote. Ni ubadhirifu. Nitrojeni yake ni asilimia chache tu, na ikitandazwa juani mwezi wa Septemba hukauka mara moja, na vijidudu vilivyomo, ambavyo ni sehemu kubwa ya thamani yake, vingi hufa. Ukoka utibuni pale ulipochakaa tu. Fyeka, chekecha mboji kwenye wavu, changanya na mchanga kiasi hichohicho, tandaza isiyozidi nusu sentimita, fagia iingie chini, kisha mwagilia. Januari, mvua ikiwa imeshika, ndiyo wakati wake.

Charles Darwin alitoa kitabu kizima juu ya nyungunyungu mwaka 1881, miezi michache kabla ya kufa. Alikadiria kwamba kwenye sehemu nyingi za Uingereza hupitisha matumboni mwao zaidi ya tani 10 za udongo kwa ekari kila mwaka. Uingereza, lakini, mvua haina likizo. Kwetu hunyesha kuanzia Desemba hadi Aprili, kisha ardhi hukauka kwa miezi. Nyungunyungu wa shambani hawawezi kazi hiyo, ndiyo maana tunawafuga.

Kwa hiyo mboji ifuate mzizi. Udongo wetu mwekundu wa kichanga hupitisha maji upesi, ilhali punje hizi huyashika. Kwenye shimo la mche wa nyanya au bilinganya weka konzi mbili, changanya na udongo wa humo, panda, kisha funika kwa nyasi kavu. Kwenye vitalu, sehemu moja ya mboji kwa nne za udongo inatosha. Mzabibu mchanga nao hutiwa shimoni, usirundikiwe shinani.

Neno kuhusu malighafi. Mnada wa Msalato huacha samadi tele, ila ile iliyolowa mkojo ina chumvi na amonia, na nyungunyungu hawavumilii vyote viwili. Iloweshe, iache imwage maji, ipoe kwa wiki kadhaa. Visima vingi vya Dodoma navyo vina maji ya chumvi. Kwenye kreti tumia ya mvua ukiwa nayo. Muulize pia mfugaji kama ng'ombe wamepewa dawa ya minyoo karibuni, maana baadhi ya dawa hizo hutoka na kinyesi, na hazichagui mnyoo. Samadi ya namna hiyo ipeleke kwenye biwi la kawaida.

Wiki ijayo: siafu, kuku na wezi wengine wa kreti.