Nitumie foto zako mbaya kwanza

Juzi mmoja wetu aliniuliza: « Yaya, juu ya nini nikulipe wewe, na YouTube iko bure? »

Swali nzuri, sikukasirika. Mimi napiga foto hapa Lubumbashi toka niko mwanafunzi, na siku hizi niko nafuata vijana watatu, kila mutu peke yake. Nitaeleza ile kazi inaendaka namna gani, ili hata kama hutakuja kwangu, ujue cha kuomba kwa mwingine.

Wenye mulishaandika TFC munajua tofauti. Mu auditwari muko mamia, profesa anafundisha wote sawa. Kisha unapewa direkteri wa kazi yako. Yeye harudilii tena kozi nzima ya metode, anafungua ukurasa wako wa 12, anapiga mustari mwekundu, anauliza: « Hii umeitosha wapi? » Video za YouTube ni auditwari. Kumufuata mutu ni ule mustari mwekundu.

Mimi nilielewa hii kwa haya. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi, siku ya kolasio, mama mmoja alitoka Kasenga juu ya mtoto wake, wa kwanza kupata diplome katika jamaa yao. Waliniita saa sita ya muchana, jua iko juu ya kichwa. Nikamuweka kijana mbele ya mbingu nyeupe, na toga nyeusi na kofia, mama pembeni na kitenge kipya. Nilipiga foto makumi ine, aparei iko otomatiki. Usiku, kwenye ordinateri: mbingu muzuri sana, sura mbili nyeusi ti, macho haionekane. Nikajaribu kuongeza mwangaza na programu, ngozi ikatoka na rangi ya majivu. Nikapeleka vile vile. Mama aliangalia muda mrefu, kisha akauliza kwa upole: « Huyu ni yeye kweli? » Kesho yake alirudi kwao. Toga ilikuwa ya kukodisha, na kolasio hairudiliwi.

Na video nilikuwa nimeziangalia nyingi! Nilijua kusema diafragma, mwendo, ISO, kama kasuku. Mzee mmoja mwenye studio ndiye aliomba nimuonyeshe ile foto. Dakika kumi tu, akaniambia kosa si mkono wangu, ni kumuamini sana aparei.

Aparei haijue kama mbele yake kuko mama na mtoto wake. Inapima mwangaza wa vyote inavyoona, kisha inatafuta wastani, kijivu, katikati ya nyeusi na nyeupe. Ukiijazia mbingu nyeupe, inasema kuko mwangaza mwingi, inapunguza, na sura ya mutu mweusi inaanguka mu giza. Ukikaribia, toga nyeusi ikijaza foto, inafanya kinyume: inaongeza, toga inakuwa kijivu na paji la uso linawaka. Ndiyo sababu kuko kitufe cha + na −. Mbele ya mbingu unaenda +1, wakati mwingine +2. Toga ikijaa, unashuka −1. Ao unaacha mbingu kabisa: saa sita unapeleka watu kwenye ukingo wa kivuli, chini ya baraza ao mwembe, hatua moja tu ndani, nyuso zikiangalia kule mwangaza unatokea. Kivuli cha kofia kinapungua, macho inafunguka.

Hiyo yote iko pia mu video. Lakini hakuna video ingeniambia kama ndiyo ugonjwa wangu mimi.

Kwa hiyo mwanafunzi akija, sianzi na somo. Naomba foto makumi tatu za wiki mbili za mwisho, na zile mbaya zikuwe ndani, bila kuzirekebisha. Watu wanapendaka kuleta tatu nzuri. Hizo ziweke Facebook, mimi hazinisaidie. Na usizitume WhatsApp kama foto, zitume kama dokima. WhatsApp inabana foto na kufuta habari ambazo aparei iliandika ndani: mwendo, diafragma, ISO, saa. Mimi ninasoma zile habari kama munganga anasoma karatasi ya laboratware.

Dada mmoja wa fakulte ya sheria alikuja na foto zote zimetetemeka. Alikuwa miezi mingi anaweka feza ya kununua aparei mpya, aliona yake imezeeka. Nikafungua habari: ndani ya kanisa, ISO 200, mwendo 1/20. Kwa mwendo ule, mutu akigeuza tu kichwa anakuwa moshi. Tulipandisha ISO mpaka 1600, mwendo ukafika 1/160, mwangaza ule ule. Kuko punje punje kidogo, ndiyo, lakini bibi arusi ana macho. Ile feza hakuitumia kununua aparei.

Mwingine alikuwa na kila kitu sawa, ila watu wake wote walikuwa kama picha ya karte ya uchaguzi. Alikuwa anapigia mbali, na zumu. Nilimuachia obijektifu ya 50 mm, haina zumu: ukitaka sura kubwa, unatembea. Kazi ya wiki: majirani tano, unasalimia, unaomba ruhusa, unaongea, kisha unapiga. Wa kwanza alimufukuza. Wa ine alimupatia kiti.

Kuko kitu kingine kinaniuma. Nauliza vijana wanamujua mupiga foto gani, wanataja wazungu wa intaneti. Sammy Baloji alizaliwa hapa hapa mwaka 1978. Alichukua foto za zamani za wafanyakazi wa migodi, akaziunganisha na foto zake za mitambo ya Gécamines yenye ilibaki magofu. Ni mmoja wa wale walianzisha Picha, na biennale ya mji wetu kuanzia 2008. Mwanafunzi wangu analeta kila mara foto moja ya mutu mwingine, tunatafuta mwangaza ulitoka upande gani.

Sasa feza. Mimi naomba dola 40 kwa mikutano ine, nusu mbele, nusu kisha ya mkutano wa pili. Kwa yeyote mwingine, muulize akuonyeshe foto za wanafunzi wake, zake peke yake hazitoshi. Muulize mikutano ni mingapi. Na kama kila juma mosi anakupeleka kwenye ndoa kubeba sakoshi na flashi, lakini hajafungua hata foto moja yako, wewe si mwanafunzi, uko mubebaji, na mubebaji analipwaka.

Sifanye matangazo hapa, nafasi zangu zimejaa mpaka kisha ya kolasio. Ile foto ya Kasenga ningali nayo kwenye diski. Mwanafunzi mpya akikaa, ndiyo ya kwanza namuonyesha, na namuuliza: ungekuwa wewe, ungebonyeza nini?