JE, MADINI YA MFUPA YAWEZA KUTENGENEZWA MAABARANI?

Mtu akitaja fuwele wengi wetu hukumbuka chumvi, au zile za buluu za salfeti ya shaba. Ni nadra mtu kukumbuka meno yake. Kumbe sehemu ngumu ya juu ya jino ni fuwele kwa zaidi ya asilimia 95 ya uzito wake! Mfupa nao ukikaushwa, takribani thuluthi mbili za uzito wake ni madini ya aina iyo hiyo. Huitwa haidroksiapataiti. Jina ni refu kama garimoshi, kwa hivyo nitaliita apataiti tu.

Ukitaka kuyajua madini haya, yaondoe. Chukua mfupa mwembamba wa kuku, uutie katika siki kwa wiki moja, kisha uupinde. Utapindika kama mpira. Asidi imeyeyusha madini, zimebaki nyuzi za protini. Ukiuchoma mfupa hadi uwe mweupe, protini huteketea na madini hubaki, lakini huvunjika kwa urahisi. Basi mfupa ni kama ukuta wa nyumba ya udongo: fito peke yake hazitoshi, na udongo peke yake hautoshi.

Je, udongo huo waweza kutengenezwa bila mnyama? Naam, tena kwa vitu viwili tu. Kama umesoma mada ya moli, hesabu hii haitakutisha. Moli 10 za haidroksidi ya kalsiamu, yaani chokaa iliyozimwa, huungana na moli 6 za asidi ya fosforiki, zikatoa moli 1 ya apataiti na moli 18 za maji. Kwa hivyo gramu 7.4 za chokaa na gramu 5.9 za asidi zitakupa gramu 10 hivi za madini ya mfupa.

Kwenye karatasi mambo ni rahisi. Shughuli iko kwa kumimina. Chokaa hukorogwa majini mpaka maji yawe kama maziwa, halafu asidi hutiwa tone kwa tone kutoka kwa bureti huku mtu akikoroga bila kupumzika. Lazima mchanganyiko ubaki upande wa alkali, pH ya 9 au zaidi. Mwenye pupa akimwaga asidi nyingi, anaweza kupata kitu kingine kabisa kiitwacho brushaiti. Hicho pia ni fosfati ya kalsiamu, pia ni cheupe, na kwa macho tu huwezi kuvitofautisha.

Mwalimu wetu wa kemia alipotuonyesha jambo hili, mchanganyiko uligeuka mzito kama uji wa mgonjwa. Uliachwa usiku kucha, maana fuwele zahitaji muda wa kujipanga, kisha ukachujwa, ukaoshwa na kukaushwa. Tulipata unga laini kama wa muhogo. Chini ya darubini ya shule tuliona unga tu! Si ajabu: ukiigawa milimita moja mara milioni, unene wa fuwele ya mfupa ni vipande viwili hadi vinne hivi. Wanaotaka fuwele kubwa zaidi hutumia chombo cha chuma kilichofungwa kabisa, ndugu ya ile sufuria ya presha ya kupikia githeri, ila joto lake hufika nyuzi 200 au zaidi. Humo apataiti hukua kama vijiti vyenye pembe sita.

Njia inayonifurahisha zaidi haina moto mwingi. Mwaka wa 1990, Tadashi Kokubo wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, na wenzake walieleza maji maalumu yenye chumvi karibu sawa na zile za damu. Huwekwa katika joto la nyuzi 36.5, kisha hutumbukizwa kipande cha kioo cha aina maalumu. Baada ya siku kadhaa kioo huota tabaka la apataiti chenyewe. Mdadisi atauliza: mbona basi sisi hatugeuki mawe? Swali zuri. Damu yetu ina protini zinazozuia fuwele kuanza ovyo ovyo.

Sasa nije kwa jambo linalotuhusu sisi wa Bonde la Ufa. Ndani ya apataiti mna nafasi ambamo hukaa haidroksidi. Floraidi huweza kuingia na kuketi pale, kama abiria aliyechukua kiti cha mwenzake. Ikiwa kidogo si mbaya. Jino huwa gumu kuyeyushwa na asidi, ndiyo maana hutiwa katika dawa ya meno. Lakini maji ya visima vingi vya huku yanapita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Mtoto akiyanywa wakati meno ya ukubwani yangali yanajengwa ndani ya taya, ujenzi huvurugika. Jino huota na vitundu vidogo mno, navyo hushika rangi ya kahawia. Wapo wenzetu hapa shuleni wanaocheka wakiwa wameziba mdomo kwa mkono, na wapo wanaowaambia eti hawapigi mswaki. Mswaki unahusika vipi hapo? Jino liliharibika kabla halijatoka! Kuchemsha maji nako hakusaidii: maji hupungua, floraidi hubaki sufuriani.

Ajabu ni kuwa apataiti iyo hiyo yaweza kutuokoa. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Dayosisi ya Kanisa Katoliki ya Nakuru ilianza kutengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa. Mifupa huchomwa pasipo hewa nyingi, madini yakabaki, kisha maji hupitishwa humo na floraidi hunaswa kabla haijafika kinywani. Nafasi zikijaa, mkaa huchoka na hubidi ubadilishwe. Maji hayatoi rangi wala ladha ya kukuonya; ni kuyapima tu.